Kupanda Mchongoma: Je, Klabu ya Mpakani Iko Tayari kwa Ligi Kuu?

Kila msimu wa ligi unapokaribia mwisho, vijiwe vya boda boda na vibanda vya chai kuanzia Malaba hadi Busia hujaa hesabu za pointi. Nani anaongoza, nani amebakiza mechi ngapi, nani atapanda. Hesabu hizo ni tamu, lakini zinajibu swali moja tu: timu gani imeshinda mechi nyingi. Swali la pili huulizwa kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya mishahara kuanza kukwama: je, klabu yenyewe iko tayari kuishi huko juu?

Makala hii inalichukua swali hilo mapema. Mfano wetu mkuu ni MYDA ya Malaba, klabu ya wilaya ya Tororo iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2020 na kushuka baada ya msimu mmoja. Tutaziangalia pia Onduparaka na Arua Hill za Arua, Kitara ya Hoima, na SoNy Sugar ya upande wa Kenya. Hatutafuti mtu wa kumlaumu. Tunatafuta vigezo ambavyo wewe, uwe shabiki, mzazi, mchezaji au kiongozi wa timu ya makazi, unaweza kuvitumia kabla ya kushangilia, na kabla ya kusaini.

Kwa nini habari za Tororo zinakuhusu

Gombolola ya Kisoko iko West Budama, wilayani Tororo, katika ukanda ambao watu na mizigo huelekea mipaka miwili: Malaba na Busia. Hakuna makazi ya wakimbizi hapo leo, lakini eneo hilo limo katika historia ya baadhi yenu. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu wapatao 12,000 walivuka na kuingia mashariki mwa Uganda. Kituo cha muda kilifunguliwa Mulanda, huko huko West Budama, na baadaye waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo zipo familia Kiryandongo ambazo mahali pao pa kwanza pa kulala salama palikuwa jirani na Kisoko.

Sababu ya pili ni ya leo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nje ya makazi. Kijana wa Rhino Camp, Nakivale au Kiryandongo anaweza kuchezea klabu ya mji mwingine. Klabu inayopanda daraja hutafuta wachezaji kwa haraka, kwa sababu dirisha la usajili halimsubiri mtu. Kijana mwenye kipaji asiye na wa kumshauri ndiye mwepesi wa kusaini, na klabu ikiyumba ndiye wa mwisho kulipwa. Hapo ndipo utayari wa klabu unapoingia nyumbani kwako.

Jinsi MYDA ilivyopanda

MYDA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Chama cha Maendeleo ya Vijana wa Malaba, na jina hilo linaeleza asili yake. Msimu wa 2019/20 ilikuwa katika FUFA Big League, yaani daraja la pili. Machi 2020 corona ikasimamisha michezo nchini. Mwezi Mei, Shirikisho la Soka Uganda, FUFA, likaumaliza msimu kabla mechi zote hazijachezwa. Timu zilizokuwa zikiongoza makundi yao zikapandishwa: MYDA na UPDF, timu ya jeshi. Nafasi ya tatu iliamuliwa kwa mchujo na ikaenda kwa Kitara.

Hapa tuseme wazi: MYDA haikupewa upendeleo. Iliongoza kundi lake, na kanuni ni kwamba kiongozi hupanda. Lakini angalia kilichokosekana. Miezi ya mwisho ya msimu ndiyo inayoipima klabu: wachezaji wamechoka, fedha za mdhamini zimepungua, safari za mbali zimebaki, na kila mpinzani anakukamia. MYDA haikupata nafasi ya kupita katika mtihani huo ikiwa bado chini. Mtihani wenyewe ilikwenda kuufanyia juu.

Walichokikuta

Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21 ilianza Desemba 2020 ikiwa na timu 16. Hiyo ni ratiba ya mechi 30: 15 nyumbani na 15 ugenini. Wapinzani wengi walikuwa Kampala na viunga vyake: KCCA, Express, SC Villa, URA, Police, Vipers, Wakiso Giants na wengine. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Kwenda Mbarara City, ukifika Kampala bado una takriban kilomita 270 mbele yako. Kwenda Onduparaka huko Arua, kutoka Kampala ni karibu kilomita 500.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Chukua msafara wa watu 25: wachezaji, makocha, daktari wa timu na dereva. Kila safari ya ugenini ihesabu kwa milo mitatu tu. Watu 25 mara milo mitatu mara safari 15 ni sahani 1,125 za chakula. Hapo hujalipa mafuta ya basi, vitanda vya kulala, maji ya kunywa, wala bandeji. Kisha hesabu mishahara. Wachezaji 25 kwa miezi tisa ni malipo 225, na kila moja lina mtu anayelisubiri, na nyuma ya mtu huyo kuna mama, mke au wadogo zake wanaosubiri pia.

Msimu ule ulikuwa na mzigo wa ziada. Kwa sababu ya corona, mechi zilichezwa bila mashabiki, na klabu zilitakiwa kuwapima wachezaji. Kwa klabu ya mji mdogo, viingilio vya mlangoni ndiyo fedha inayokuja mkononi wiki kwa wiki. Mji wa Tororo ungeweza kujaza uwanja kuja kuitazama SC Villa au Express kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Badala yake wageni hao walicheza mbele ya viti vitupu, na sanduku la klabu likabaki jepesi.

Juni 2021 nchi ikafungwa tena na ligi ikakatishwa. Express ikatangazwa bingwa. Walioshuka ni watatu: MYDA, Kitara na Kyetume.

Tazama vizuri orodha hiyo. Kati ya timu tatu zilizopanda pamoja mwaka 2020, mbili zilishuka moja kwa moja. Iliyobaki ni UPDF. Sidhani kwamba wachezaji wa jeshi walikuwa na miguu bora kuliko wa Malaba na Hoima kwa kiwango hicho. Nyuma ya UPDF kulikuwa na taasisi ambayo haifungi mlango mdhamini akiondoka na haitegemei kiingilio cha Jumamosi ili wachezaji wale Jumatatu. Hilo halithibitishi kila kitu, lakini linatuonyesha wapi pa kutazama.

Mashabiki bila akiba, uwanja bila akiba

Wengine watasema tatizo la MYDA lilikuwa corona tu, na mashabiki wangekuwepo mambo yangekuwa tofauti. Huenda kwa sehemu ni kweli. Lakini twende Arua, mji ambao wasomaji wetu wa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi wanaujua vizuri.

Onduparaka ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2016/17. Uwanja wake wa Green Light ukawa maarufu nchi nzima kwa umati wake. Watu wa West Nile waliibeba timu ile kama mtoto wao. Ilikaa juu misimu saba, na hilo ni jambo la heshima kwa klabu ya mji ulio mbali vile na Kampala. Hata hivyo mwaka 2023 ilishuka. Mapenzi ya mashabiki yaliipa maisha marefu kuliko MYDA, lakini mapenzi hayasimami badala ya akiba na mpango.

Mwaka 2021, katika mji huo huo, ilipanda Arua Hill. Hii ilikuja na mradi mkubwa wa uwanja wa Barifa, kitu ambacho klabu nyingi za mikoani hukiota. Mwaka 2024 nayo ikashuka. Kwa hiyo uwanja nao, peke yake, si jibu.

Upande wa Kenya hali haikuwa tofauti. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006. Agosti 2019 kampuni ya kamari iliyokuwa ikiidhamini ligi iliondoa fedha zake. Ilipofika Novemba mwaka huo, SoNy ilikuwa imeshindwa kufika uwanjani mara tatu, na kwa mujibu wa kanuni ikashushwa daraja. Haikushushwa kwa mabao. Ilishushwa kwa kutokuwepo. Ikiwa bingwa wa zamani mwenye kiwanda cha sukari nyuma yake anaweza kukosa kufika kwenye mechi, klabu changa ya mpakani haina sababu ya kudhani kwamba fedha za safari zitajileta zenyewe.

Lakini msikate tamaa, kwa sababu mfano wa Kitara unatufundisha upande wa pili. Ilishuka pamoja na MYDA mwaka 2021. Mwaka 2023 ikarudi Ligi Kuu, na mwaka 2024 ikatwaa Kombe la Uganda na kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kitara imetuonyesha kwamba aliyeshuka akiwa hai anaweza kuupanda tena, akijua safari hii miiba iko wapi.

Maswali matano ya kuuliza

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hupima klabu kwa vigezo vya makundi matano kabla ya kuipa leseni: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Huhitaji kuwa mwanasheria ili kuvitumia. Vigeuze kuwa maswali na uwaulize viongozi wa klabu mkutanoni.

Kwanza, michezo. Je, klabu ina timu ya vijana chini ya ile ya wakubwa, au kila msimu inaanza upya kwa wachezaji wa kuazima? Klabu inayoweza kupata wachezaji wake kutoka shule za Kisoko, Nagongera, Malaba na Busia hutumia fedha kidogo na hupata watu wanaoipenda.

Pili, miundombinu. Je, uwanja una uzio, vyumba vya kubadilishia nguo na nyasi zinazoweza kupita ukaguzi wa ligi? MYDA ilitumia uwanja wa King George ulioko Tororo mjini. Kutumia uwanja wa umma si aibu, lakini klabu lazima ijue mapema nani anautunza, nani analipia ukarabati, na itacheza wapi ukikataliwa. Klabu inayocheza nyumbani kwa wengine haina mechi ya nyumbani. Ina safari 30.

Tatu, utawala. Je, klabu ina mtu anayelipwa kushughulikia usajili, barua na ratiba, au kila kitu kiko katika simu ya mwenyekiti? Pointi nyingi hupotea mezani kwa sababu ya karatasi iliyochelewa.

Nne, sheria. Je, mikataba imeandikwa, mchezaji amepewa nakala, na inajulikana klabu ni mali ya nani? Klabu ya jamii ambayo hati zake ziko kwa mtu mmoja si ya jamii siku mtu huyo akiudhika.

Tano, fedha. Je, kabla ya mechi ya kwanza, fedha za safari 15 za ugenini ziko benki au zimeandikwa katika mkataba wa mdhamini? Ahadi ya mwanasiasa jukwaani si fedha. Mkataba wa televisheni wa ligi, ambao FUFA iliusaini mwaka 2018 na StarTimes kwa miaka 10, unasaidia, lakini unagawanywa kwa klabu nyingi na hauwezi kuendesha klabu moja msimu mzima.

Klabu inayoweza kujibu maswali haya kwa karatasi iko tayari hata kama mshambuliaji wake bora ana goti bovu. Klabu inayojibu kwa hotuba haiko tayari hata kama inaongoza kwa pointi kumi.

Karatasi za mchezaji mkimbizi

Utayari una sehemu nyingine ambayo klabu nyingi huisahau, na kwa wasomaji wetu ndiyo nyeti zaidi. Klabu inayotaka kumsajili mkimbizi inapaswa kujua kanuni za FIFA kuhusu usajili wa wachezaji wa kigeni.

Kwa walio chini ya miaka 18, uhamisho kutoka nchi moja kwenda nyingine umekatazwa, isipokuwa katika hali chache. Mojawapo ni mtoto ambaye wazazi wake wamehamia nchini kwa sababu zisizohusu soka. Nyingine ni mtoto aliyekimbia nchi yake bila wazazi kwa sababu za kibinadamu na ameruhusiwa kuishi nchini, hata kwa muda. Katika hali hizo shirikisho la taifa huomba ruhusa kabla ya usajili. Pia, mtoto ambaye hajawahi kusajiliwa popote na ameishi nchini mfululizo kwa miaka mitano au zaidi hahesabiwi katika katazo hilo. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye hati ya usajili wa familia yako si jambo dogo. Ihifadhi, tengeneza nakala, na usimpe wakala wa soka hati halisi hata akikuahidi nini.

Kwa watu wazima, hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana katika kitambulisho cha mkimbizi, mkataba na leseni ya mchezaji. Tofauti ya herufi moja inatosha mpinzani kukata rufaa. Klabu ikicheza nje ya nchi, mkimbizi atahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na maombi yake hayashughulikiwi kwa wiki moja. Klabu iliyo tayari huanza kuiomba mapema.

Kwa wasomaji wa Kenya, hali ni ngumu zaidi. Kutoka Kakuma kwenda kucheza mji mwingine kunahitaji kibali, na ratiba ya ligi haisubiri kibali. Kipaji hakikosekani: Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, na Juni 2022 alifunga mmoja wa mikwaju ya penalti iliyoipeleka Australia kwenye Kombe la Dunia. Lakini alifika huko baada ya familia yake kupata makazi mapya Australia, si kwa kupanda daraja kutoka kambini.

Jambo la mwisho kwa mchezaji: kanuni za FIFA zinatambua kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili, akishaipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 bila kulipwa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Haki hiyo haina nguvu bila mkataba wa maandishi. Makubaliano ya mdomo chini ya mwembe hayatakusaidia.

Basi, iko tayari?

Jibu langu kwa klabu ya ukanda huu, iwe ya Malaba, Tororo au Busia, ni hili. Kiuwanjani, ndiyo. MYDA ilishaonyesha kwamba vijana wa mpakani wanaweza kuongoza kundi lao katika daraja la pili, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya hilo. Kama taasisi, bado, mpaka karatasi zioneshe vinginevyo.

Hiyo haina maana klabu ikatae kupanda. Maana yake ni kwamba maandalizi ya Ligi Kuu yaanze timu ikiwa nafasi ya tano, si siku ya kubeba kombe. Biashara za mpakani, kuanzia kampuni za malori hadi wauza nafaka wa Busia, zifuatwe kwa mkataba wa miaka mitatu badala ya mchango wa siku moja. Wanachama walipe ada ndogo kila mwezi na wasomewe hesabu kila robo mwaka. Na klabu iamue tangu mwanzo kiwango cha juu cha mishahara, ili ikishuka isife na madeni.

Timu za makazi zinazocheza ligi za wilaya zinaweza kuanza na mambo hayo hayo leo, kwa kiwango chao. Daftari la mapato na matumizi linagharimu kidogo kuliko mpira. Ukiwa kiongozi wa timu, nenda nalo kwenye kikao kijacho, na uliza swali moja kabla ya kujadili jezi: safari ya ugenini inayofuata, fedha zake ziko wapi?